Kivumishi "late" cha Kiingereza: mwongozo kamili wa maana zake, hatua kwa hatua

Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia kuandika barua za kuomba nafasi ya masomo alituma barua kwenye chuo kimoja cha Ulaya kabla sijaisoma, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii fupi: "My father is late and I am unable to pay the deposit." Alichokusudia ni kwamba baba yake amefariki, na kwa hiyo hana mtu wa kumlipia. Jibu lilikuja baada ya siku 3, lenye adabu zote, likimweleza kwamba chuo kiko tayari kungoja wiki 2 zaidi ili mzazi wake apate nafasi ya kutuma fedha. Kijana aliniletea simu akiwa na huzuni, kwa sababu alihisi kwamba msiba wake umepuuzwa, ilhali aliyejibu hakupuuza chochote. Alisoma "baba yangu amechelewa", akajibu alichosoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliangalia neno "late" kwa makini zaidi, na nimeona kwamba makosa mengi tunayoyafanya wasemaji wa Kiswahili katika neno hili yana chanzo kimoja. Kiingereza hutumia kivumishi kimoja mahali ambapo Kiswahili hutumia aina tatu tofauti za maneno. Kwa mtu au kitu kisichofika kwa wakati, sisi tuna kitenzi, yaani kuchelewa au kukawia. Kwa sehemu ya mwisho ya kipindi tunasema mwishoni mwa, au tunataja wakati wenyewe, kama vile usiku wa manane. Kwa mtu aliyefariki tuna nomino, yaani marehemu na hayati. Anayetafuta neno moja la Kiswahili la kulibandika juu ya "late" kila linapotokea atakosea, na mwongozo huu unaonyesha namna ya kutambua ni ipi kati ya maana hizo inayohusika, kisha namna ya kuitumia bila kuharibu sentensi.

Inafaa pia kujua neno lilikotoka, kwa kuwa asili yake inaeleza mengi. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "læt", na maana yake ilikuwa ni mwendo wa polepole au uzito wa kufanya jambo. Aendaye polepole hufika baada ya wakati, na hapo ndipo ikatoka maana ya kuchelewa. Kilicho baada ya wakati kiko karibu na mwisho, na hapo ikatoka maana ya mwishoni mwa siku, mwezi au karne. Kutoka hapo neno likachukua pia maana ya "karibuni", na mtu ambaye hadi karibuni alikuwa hai akaitwa "late". Maana hizi ni matawi ya shina moja, ingawa kwetu zinaonekana kama maneno matatu yasiyojuana.

Hatua ya kwanza: tazama neno limekaa wapi

Kabla ya kufungua kamusi, tazama kama "late" imekuja baada ya kitenzi kishirikishi, kama "is", "was" au "will be", au imetangulia nomino. Ikiwa imekuja baada ya kitenzi hicho na kiima ni mtu au chombo, katika Kiingereza sanifu maana ni kuchelewa tu: "The doctor is late" ni daktari amechelewa, wala haiwezi kuwa daktari amefariki. Ikiwa kiima ni "it", kama katika "It is late", maana ni kwamba muda umekwenda au usiku umekuwa mkubwa.

Ikiwa "late" imetangulia nomino, ichunguze nomino hiyo. Nomino ikiwa ni ya wakati, kama "April", "afternoon" au "1950s", maana ni mwishoni. Nomino ikiwa ni jina la mtu, cheo au uhusiano wa kifamilia, na mbele ya "late" pakawa na "the" au neno la umilikaji kama "my" au "her", maana ni marehemu. Nomino ikiwa ni ya tendo au ya kitu kinachotarajiwa kwa muda maalumu, kama "payment", "reply" au "delivery", maana ni kuchelewa. Kwa hiyo "a late payment" ni malipo yaliyochelewa, lakini "the late student" itasomwa na wengi kama mwanafunzi aliyefariki. Anayetaka kumtaja mwanafunzi aliyekuja baada ya kengele ni salama zaidi kuandika "the student who was late". Vyombo vya usafiri navyo vina jambo lao: "the late bus" mara nyingi si basi lililochelewa, bali ni basi la usiku ambalo limepangwa kuondoka saa hiyo na huenda likaondoka kwa wakati kabisa.

Hatua ya pili: kuchelewa, na tatizo la "nimechelewa"

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi ya kila siku, na yote yanatokana na kwamba kuchelewa ni kitenzi kwetu na si kitenzi kwao. Mwanafunzi anayefika darasani akiwa na jasho usoni husema "I have late" au "I lated", kwa sababu akilini mwake kuna kiambishi -me- cha "nimechelewa" na kiambishi -li- cha "nilichelewa", naye anatafuta pa kuviweka. Havina pa kuwekwa juu ya "late". Njeo hubebwa na "be" peke yake, na kivumishi hakibadiliki. Nimechelewa ni "I am late", nilichelewa ni "I was late", nitachelewa ni "I will be late", na usichelewe ni "Don't be late".

Linalohitaji uangalifu zaidi ni hilo la kwanza. Tumefundishwa shuleni kwamba -me- hutafsiriwa kwa "have", na kwa vitenzi vingi ni kweli: nimekula ni "I have eaten". Lakini katika Kiswahili -me- hueleza pia hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokwisha, kama tunavyosema amelala, amekaa, amesimama, amechoka. Kiingereza huieleza hali hiyo kwa wakati uliopo: "he is asleep", "he is tired", "he is late". Ukisema "I have been late", umesema jambo jingine, yaani umekuwa ukichelewa, na msikilizaji atangoja uongeze idadi: "I have been late three times this month." Mfanyakazi anayeomba radhi kwa asubuhi moja hapaswi kukiri mwezi mzima.

Kinachochelewewa huunganishwa kwa "for": "late for work", "late for the meeting", "late for prayers". Kiasi cha muda hutangulia: "ten minutes late". Kitu ambacho mtu hajakitoa kwa wakati huunganishwa kwa "with", kama "late with the rent" kwa kodi ya nyumba. Katika barua za ofisini, samahani kwa kuchelewa kujibu huandikwa "I apologise for the late reply", na hapo neno limerudi mbele ya nomino kwa maana ileile. Pale jambo jingine linapokuchelewesha, Kiswahili kina kiambishi cha kusababisha lakini Kiingereza kinahitaji "make": foleni imenichelewesha ni "The traffic made me late."

Kuna tofauti nyingine ambayo neno letu "sana" huificha. Tunasema nimechelewa sana ikiwa tumepita muda kwa saa nzima, na tunasema hivyohivyo ikiwa nafasi yenyewe imekwisha kupotea. Kiingereza hutenganisha. "I am very late" ina maana kwamba muda umepita sana lakini bado unaweza kuingia, na "I am too late" ina maana kwamba mlango umefungwa. Kumpigia simu mwenyeji wako na kumwambia "I am too late" ni kumweleza kwamba huji tena.

Nalo jambo la usingizi lisipitwe. Mtu aliyechelewa kulala usiku husema "I slept late", akitafsiri neno kwa neno, kumbe kwa Waingereza na Wamarekani "sleep late" ni kulala mpaka jua limepanda, yaani kuchelewa kuamka. Aliyekesha akisoma aseme "I went to bed late" au "I stayed up late". Hebu fikiria mwanafunzi wa bwenini anayetaka mwalimu ajue kwamba alijitahidi na vitabu mpaka usiku wa manane, lakini kwa sentensi yake mwenyewe anajieleza kama mvivu.

Hatua ya tatu: mwishoni mwa kipindi

Maana hii ni rahisi kuielewa, na ugumu wake uko katika mipaka. "Late April" ni mwishoni mwa Aprili, takribani siku 10 za mwisho. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na mwandishi wa Kiingereza anaweza kusema muungano huo ulifanyika "in late April 1964". Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, ulikuwa "in late 1961", na ule wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, ulikuwa "in late 1963". Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, lakini kwa kuwa mwaka ulikuwa umebadilika yanaitwa ya "early 1964". Angalia kwamba "late" hapa haina uhusiano wowote na kuchelewa. Hakuna aliyesema kwamba uhuru ulikawia, ingawa wapo ambao wangelisema hivyo kwa sababu nyingine.

Kwa miongo na karne, "the" ni lazima: "the late 1950s" ni mwishoni mwa miaka ya 1950, na "the late 19th century" ni mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo miaka ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 na ya wakoloni kugawana pwani na bara la Afrika Mashariki. Kwa umri, "in her late thirties" ni mwanamke wa miaka 37 hadi 39 hivi, nasi husema anakaribia miaka 40. Herufi "s" ya mwisho isiachwe, kwa sababu "in her late thirty" si Kiingereza.

Katika nyakati za siku, vipande vyao na vyetu havilingani, na saa zetu zinaongeza kazi. "Late morning" ni kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi. "Late afternoon" ni kuanzia saa 10 hadi saa 11 hivi, muda ambao wengi wetu tumekwisha kuuita jioni. "Late at night" ni usiku sana, na ikizidi huwa usiku wa manane. Mwandishi hubadilisha saa kwa kuhesabu 6 mbele au nyuma, lakini kosa la haraka hutokea hasa kwenye matangazo ya kazi yanayosema maombi yafike "not later than 4 p.m.". Hiyo ni saa 10 jioni, si saa 4. Niliwahi kumwona mtu mzima aliyefika kwenye dirisha la mapokezi saa 4 usiku akiwa na bahasha mkononi, akishangaa kukuta taa zimezimwa.

Wakulima nao wanalifahamu "late" kwa jina jingine. Ugonjwa wa viazi na nyanya ambao Kiingereza huuita "late blight" huitwa na mabwana shamba wa Tanzania bakajani chelewa, na kwa maoni yangu hiyo ni tafsiri ya kuigwa, kwa kuwa waliotafsiri walichukua shina la kitenzi letu wenyewe na kulifanya lifanye kazi ya kivumishi.

Hatua ya nne: marehemu

Maana hii ndiyo inayogusa watu wakiwa na majonzi, na kwa hiyo ndiyo inayostahili uangalifu kuliko zote. Kanuni ya kwanza ni kwamba "late" ya aliyefariki hutangulia nomino daima, nayo hutanguliwa na "the" au neno la umilikaji: "my late father", "her late husband", "the late Bi Kidude". Kuandika "late Bi Kidude" bila "the", kama tunavyoandika marehemu Bi Kidude, ni kosa linaloonekana mara nyingi katika ratiba za mazishi zinazochapishwa kwa Kiingereza.

Kanuni ya pili inatokana na kwamba marehemu ni nomino inayoweza kusimama peke yake. Tunasema marehemu ameacha mjane na watoto watatu, na sentensi imetimia. "The late left a widow and three children" haisimami, kwa sababu kivumishi hiki kinadai nomino baada yake. Panapohitajika neno la kusimama peke yake, Kiingereza hutumia "the deceased", ambalo ni neno la mahakama, hospitali na polisi. Katika wosia na hati za mirathi linafaa kabisa. Katika salamu za rambirambi kwa rafiki linasikika baridi, na hapo ni bora kumtaja aliyefariki kwa jina lake, au kusema "your father", bila kuongeza kitu.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyomkuta kijana wangu. Katika Kiingereza kinachosemwa Kenya na sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki na Kusini, "My father is late" ina maana ya baba yangu ni marehemu, na wenyeji huelewana bila shida yoyote. Sioni sababu ya kuwacheka wanaoisema, kwa kuwa lugha hukua mahali inapotumika, na tafsida ya msiba ni jambo la heshima kwetu. Lakini barua inayokwenda nje ya eneo hili itasomwa kwa kanuni ya msomaji wake. Kwa msomaji huyo, andika "My father died" au "My father passed away". Kitenzi "died" hakina ukali katika Kiingereza cha barua rasmi kama ambavyo kusema alikufa kuna ukali kwetu, ambako adabu inadai alifariki au ametutoka.

Kuna pia suala la nani anastahili kuitwa "late". Neno hili ni la watu ambao kufariki kwao bado kumo katika kumbukumbu za walio hai. Marehemu na hayati vinaweza kukaa na mtu muda mrefu zaidi, hasa hayati, ambalo tumezoea kuwapa viongozi na watu walioheshimika. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na makala ya Kiswahili inaweza bado kumwita hayati bila kushangaza mtu, lakini "the late Shaaban Robert" leo itamfanya msomaji wa Kiingereza adhani alifariki miaka michache iliyopita. Jina peke yake linatosha.

Waandishi makini huepuka pia kuliweka neno hili juu ya mtu katika tendo alilolifanya akiwa hai. Ukiandika "The late Jomo Kenyatta became prime minister in 1963", umemfanya awe marehemu siku ya kuapishwa, ilhali alifariki mwaka 1978. Kiswahili hakioni ubaya huo, kwa kuwa marehemu kwetu ni kama cheo cha heshima kinachotangulia jina. Wala "late" isichanganywe na "former". Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 akawa "the former president". Baada ya tarehe 14 Oktoba 1999, alipofariki London, ndipo ikafaa kusema "the late". Kwa mume na mke tofauti hiyo ni nzito zaidi: "my former husband" mmeachana, "my late husband" umefiwa.

Atakayesoma maandishi ya zamani akutane na "the late war" asidhani kwamba vita vilichelewa. Ni vita vilivyomalizika karibuni. Vilevile "late of Mombasa", katika hati za mirathi, ni mtu ambaye hadi alipofariki makazi yake yalikuwa Mombasa.

Hatua ya tano: ndugu zake

"Lately" ni siku hizi au hivi karibuni, na haina maana ya kuchelewa hata kidogo. Sijamwona siku hizi ni "I haven't seen her lately", lakini alifika kwa kuchelewa ni "She arrived late", kwa sababu "late" yenyewe hutumika pia kama kielezi. "Later" ni baadaye. "Latter" ni wa pili kati ya wawili waliokwisha kutajwa, na likitumiwa kwa watatu huwa limekosewa.

"Latest" na "last" ndizo zenye madhara. "Her latest book" ni kitabu chake kipya kabisa, na kingine kinaweza kuja mwakani. "Her last book" mara nyingi humaanisha kwamba hakitakuja kingine. Mwandishi aliye hai atashtuka kuikuta ya pili kwenye tangazo la mhadhara wake. Nayo "at the latest" huweka mwisho wa muda: "by Friday at the latest" ni Ijumaa isipite.

Barua ya yule kijana tuliiandika upya jioni ileile, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka la kuchapishia. Alitaka kwanza kuandika "My late father is unable to pay", nikamweleza kwamba hiyo inamfanya marehemu awe bado anajaribu kulipa. Tukakubaliana hivi: "My father died in late 2021. My late father had paid all my school fees, and I now have no sponsor." Aliisoma kwa sauti mara mbili, akauliza kwa nini "late" ya kwanza haina "the" wala "my", nikamwonyesha kwamba nomino iliyoifuata ni mwaka. Akaituma.